Kiti Changu Kisichoshuka Daraja

Nilianza kucheza ligi nikiwa na miaka arobaini na mmoja, umri ambao wanaume wengi wa Machakos wanaanza kununua mbuzi na kuchaguliwa wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa na kinyozi karibu na soko: viti viwili vya kunyolea, kioo kirefu chenye ufa, na nyuma ya pazia chumba ambacho mwenye nyumba alikiita stoo. Humo stoo niliweka runinga na mashine ya gemu ili wateja wanaosubiri zamu wasiende kwa jirani. Wateja wakasubiri. Baada ya muda wakaanza kusubiri hata waliokwisha kunyolewa. Mwishowe nikaanza kusubiri mimi mwenyewe, ingawa hakukuwa na mtu wa kuninyoa.

"Baba watoto," mke wangu aliniuliza siku moja, amesimama mlangoni na kikapu cha nyanya, "hii ni duka ya kunyoa ama ya kubonyeza?"

Nilimwambia ni ya kunyoa. Nilimwambia bila kutoa macho kwenye skrini.

Ligi yetu ilikuwa ya mpira wa skrini. Timu zilikuwa nane, kila timu mtu mmoja, na hatukuitana kwa majina yetu bali kwa tulikotoka. Mimi niliitwa Kinyozi. Kulikuwa na Wamunyu, mzee mchonga vinyago ambaye kwa umri angeweza kuwa mjomba wangu, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama kazi yake lakini vikigusa padi ya gemu vinakuwa vya mpiga kinanda. Kulikuwa na Katelembo, mama wa duka la nafaka, aliyecheza akitafuna njugu. Kulikuwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye aliyekodisha ukumbi na projekta, kwa hiyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Tulikutana Jumamosi alasiri, tukatundika shuka jeupe ukutani, tukacheza mbele ya watu waliokuja kutucheka kwanza na kutushangilia baadaye.

Kanuni ilikuwa rahisi. Msimu ukiisha, wawili wa mwisho wanashuka. Kisha inatangazwa siku ya wazi, yeyote mwenye vidole anakuja, na wawili bora wanapanda kuchukua nafasi zao. Ndivyo alivyokuja Kalama. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole wa kuongea. Alitoka kwao Kalama asubuhi na padi yake ndani ya kiondo, juu ya madaftari, akawapiga wanaume wote waliojitokeza siku ile, na kila alipomfunga mtu alimwambia "pole" kwa sauti ileile ambayo bila shaka huwaambia watoto walioanguka uwanjani. Mwenyekiti alisema huyu ataongeza ladha. Hakujua ni ladha gani.

Msimu ule mimi nilicheza vibaya. Naweza kusingizia kazi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga. Niliwapanga wachezaji wangu wote langoni kama watu wanaojikinga mvua, nikaomba sare. Ilipofika Jumamosi ya mwisho, yule wa nane alikuwa ameshakata tamaa zamani. Mimi nilikuwa wa saba, na juu yangu, kwa pointi mbili tu, alikuwa Kalama, ambaye alikuwa amemaliza mechi zake zote. Nikishinda, nabaki mimi na anashuka yeye. Nisiposhinda, nashuka mimi. Na mechi yangu ilikuwa dhidi ya Wamunyu, aliyekuwa katikati ya jedwali, salama, hana cha kupata wala cha kupoteza.

Nilimkuta mzee nje ya ukumbi, akinawa mikono kwenye bomba.

"Mzee, leo niko na shida," nikamwambia.

"Shida ya kinyozi ni gani? Nywele zimekataa kukatika?"

"Nikipoteza leo, nashuka."

Alifunga bomba polepole, akaniangalia. "Na unataka nifanye nini?"

"Sitaki ufanye kitu."

Mzee akatabasamu kidogo. "Hiyo sasa ni kazi rahisi," akasema. "Kutofanya kitu."

Tukaingia. Kipa wake alicheza mechi ile kama mtu aliyetumwa dukani. Kila nilipopata mpira, yeye alikuwa ameshatoka langoni na kufika karibu nusu ya uwanja. Nikafunga bao la kwanza, nikafunga la pili. Mzee akafunga moja la kupendeza sana, nadhani kwa sababu hakuweza kujizuia. Ikaisha mbili kwa moja. Watu wa mtaa wangu wakanibeba juujuu.

Waliponishusha, mwalimu alikuwa safu ya pili, akikunja waya wa padi yake polepole, mzunguko kwa mzunguko. Aliiweka kwenye kiondo, akaja kunipa mkono.

"Hongera, fundi," akasema. "Kipa wa mzee amependa kutembea leo."

Nilijifanya sikusikia. Kulikuwa na kelele za kutosha kumwezesha mtu kujifanya hajasikia. Lakini nyumbani mke wangu alinipakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe, nami nikawa nautazama tu.

"Si umeshinda," akasema, "mbona unakula kama umefiwa?"

Nikamwambia ni tumbo. Kwa namna fulani lilikuwa ni tumbo.

Ndiyo maana mwenyekiti alipotuita wiki chache baadaye na wazo lake jipya, mimi ndiye niliyelipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ametazama kwenye simu jinsi ligi kubwa za gemu za ng'ambo zinavyoendeshwa. Kule, alisema, timu inanunua kiti, na kiti hicho ni cha kudumu. Hakuna kushuka daraja. Mwenye timu anapanga mambo yake ya miaka mingi, wadhamini wanajua watakayemkuta kesho. Alitumia neno "uwekezaji" mara nyingi hivi kwamba mama wa Katelembo alisahau njugu zake.

Nikasimama, nikatoa hotuba. Mimi ambaye harusini kwangu nilisema maneno manne. Nikasema kushuka daraja ndiko kunakoharibu tabia za watu. Mtu anayeogopa kushuka atamwomba mwenzake amwonee huruma, na mwenzake asiye na cha kupoteza atakubali, na anayeumia ni mtu wa tatu ambaye hata hayupo kwenye mechi. Ondoa hofu, nikasema, na utaona kila mtu anacheza kwa uaminifu. Nikapigiwa makofi. Mzee wa Wamunyu alipiga makofi pia, lakini yake yalikuwa ya polepole, na wakati wote aliniangalia usoni.

Nataka nieleweke: nilikuwa naamini kila neno. Ila sikusema nilikojifunzia jambo lile.

Tukanunua viti. Mwenyekiti alinunua kimoja kwa jina lake na kingine kwa jina la shemeji yake, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu ukumbi ulikuwa wake kuanzia ufunguo mpaka balbu. Wiki iliyofuata mwalimu akatokea na kiondo chake.

"Siku ya wazi ni lini?" akauliza.

"Mwalimu, hakuna tena siku ya wazi," mwenyekiti akamwambia.

"Sasa mtu anaingia aje?"

"Anangoja mtu auze kiti."

"Na kama anacheza vizuri?"

Mwenyekiti akafikiri. "Basi atangoja akicheza vizuri."

Wakampa urefa. Kwa kweli hakukuwa na mwingine, maana sisi wote tulikuwa na viti na yeye ndiye aliyebaki bila upande. Walidhani atashukuru. Alisema sawa, angalau ataangalia kutoka karibu, akaomba kalamu na filimbi. Kwenye gemu filimbi haina kazi, mashine inajipigia yenyewe. Yeye aliivaa shingoni hata hivyo.

Lazima niseme haki: mwanzo wa msimu ule ulikuwa mtamu. Hakuna aliyemfuata mwenzake kwenye bomba. Mimi niliyekuwa najificha langoni nikaanza kushambulia, nikajifunza pasi ambazo sikuwa nimethubutu kuzijaribu mbele ya watu. Nilifungwa na mama wa Katelembo mabao manne kwa matatu, na ile ndiyo mechi bora niliyowahi kucheza maishani. Nilitoka nimeloa jasho, nacheka, nimepoteza. Mtu anayeogopa kushuka hawezi kucheza vile. Ukumbini kukaja viti vipya vya plastiki na bango la rangi za nyumba kutoka duka la mwenyekiti. Nilimwambia mke wangu, unaona, uaminifu umerudi. Akasema hakujua ulikuwa umeenda wapi.

Kisha wawili wa juu, mwenyekiti na Katelembo, wakatukimbia kwa pointi, na sisi wengine tukabaki na miezi ya kucheza bila sababu. Hapo ndipo niliona upande wa pili. Mzee wa Wamunyu alianza kuja na twiga wa mti ambaye hajakamilika pamoja na msasa. Kwanza alimsugua wakati wa mapumziko. Baadaye akawa anamsugua mechi ikiendelea, anaiacha timu yake ijiendeshe, na twiga yule alizidi kung'aa kila Jumamosi huku mzee akifungwa. Mimi nilianza kuchelewa. Nilikuwa wa saba tena, lakini safari hii wa saba alikuwa na raha zote za wa tatu.

Jumamosi moja wakati wa mechi yangu ulifika nikiwa na mteja kitini, karani wa ofisi moja ya mjini, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado. Nilimwambia twende naye, ukumbi ni hapo tu, nitammalizia tukirudi. Alikuwa mtu mwema, akakubali. Akaketi kando yangu mbele ya watu wote, taulo shingoni. Nilipofungwa bao la pili nikaona sina haja ya kumchelewesha mtu wa watu. Nikampa padi.

"Shikilia kidogo," nikamwambia.

Nikatoa mashine ya kunyolea ya betri mfukoni, nikaanza kumsafisha nyuma ya sikio. Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akacheza, mimi nikanyoa. Naye, nawaambia bila chumvi, akafunga bao.

Filimbi ikalia. Ndiyo mara ya kwanza tulipoisikia. Mwalimu alikuja akasimamisha gemu.

"Fundi, nani anacheza?"

"Ni sisi."

"Sisi ni nani?"

"Kinyozi."

"Kwa orodha yangu Kinyozi ni mtu mmoja."

Watu walikuwa bado wanacheka, na mimi nilitaka waendelee. "Mwalimu," nikasema, "hii mechi haina maana. Niko wa saba. Nikipoteza, niko wa saba. Nikishinda, bado niko wa saba."

Hakuinua sauti. "Basi ungeachia mtu mwenye kwake iko na maana."

Kicheko kikaisha. Karani akanitazama kupitia bega lake, nywele zimesimama upande mmoja. "Niendelee ama?" akauliza.

Mwalimu akampa mpinzani wangu mechi. Nikamaliza kumnyoa karani pale pale kwenye kona, na sikumtoza.

Mechi iliyofuata ilikuwa ya mwenyekiti dhidi ya shemeji yake. Mwenyekiti alikuwa nyuma ya Katelembo kwa pointi tatu, mechi hii ikiwa ya mwisho ya msimu, kwa hiyo alihitaji kushinda kwa mabao mengi. Dakika kumi za kwanza shemeji alimpasia mwenyekiti mpira mara tatu mbele ya lango lake mwenyewe, na mara zote tatu ukaingia. Filimbi ikalia tena.

"Mtarudia," mwalimu akasema.

"Kwa kanuni gani?" mwenyekiti akauliza.

"Ya macho."

Mwenyekiti akacheka kwa adabu. "Mwalimu, hapo umewekwa na wenye viti."

"Najua. Ndiyo nauliza wenye viti." Akatugeukia sisi. "Mmeona ama hamkuona?"

Sijawahi kuona watu wazima wakipenda sakafu namna ile. Mama wa Katelembo, ambaye ndiye aliyekuwa anaibiwa, alikuwa anatafuta njugu iliyoanguka. Wote tulikuwa wageni wa ukumbi wa mtu mmoja, na msimu ujao tungeuhitaji tena. Mimi nilikuwa bado na nywele za karani kwenye mikono ya shati. Sijui ni ushujaa gani ule, nadhani ulikuwa ni aibu tu ambayo haijapoa, lakini nikajikuta nimesimama.

"Mimi nimeona," nikasema. "Na najua vile hii kitu inafanana, kwa sababu msimu uliopita niliifanya. Nilimwomba mzee hapa anihurumie nisishuke. Mwalimu ndiye aliyeshuka."

Mzee wa Wamunyu hakuacha kusugua twiga. "Mimi," akasema, "sikufanya kitu." Ambayo ilikuwa kweli kabisa, na ndiyo iliyowafanya watu wacheke, na kicheko kile kikatuokoa sote.

Wakarudia mechi. Mwenyekiti akashinda kwa bao moja, kwa uwezo wake, na nadhani hilo lilimuudhi kuliko kushindwa. Katelembo akachukua ubingwa kwa mabao.

Nilimngoja mwalimu nje. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, lakini yalipotoka yalikuwa mafupi kuliko nilivyopanga.

"Nilijua siku hiyo hiyo," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngesema mwanamke hajui kushindwa. Halafu wewe ulikuja na ile hotuba ya uaminifu. Nikaona wacha niangalie utaibeba mpaka wapi."

Nikamwambia achukue kiti changu. Nilikuwa nimeamua wakati nikimnyoa karani. Akatikisa kichwa.

"Sitaki kupewa. Nataka kukushinda."

Tulicheza Alhamisi mchana, kinyozini kwangu, nyuma ya pazia. Mke wangu alikuja, mara yake ya kwanza kuingia stoo ile kwa hiari, akaketi juu ya kreti ya soda na kuuliza kwa nini wachezaji wangu wanakimbia upande usiofaa. Nilicheza kwa nguvu zangu zote. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani nilimwachia, na ningependa kuwa mtu aliyemwachia, ila sikuwa. Alinifunga tatu bila. Kila bao akasema "pole."

Wenye viti walikaa saa mbili kujadili. Kanuni ziliruhusu kiti kuuzwa, na ziliruhusu kurithishwa, lakini hakuna aliyefikiria kwamba mtu anaweza kukipoteza kwa kucheza. Mwenyekiti alisema hilo litaleta fujo, kila wiki mtu atakuja kugonga mlango na padi yake. Mama wa Katelembo akasema yeye hangependa mlango wake ugongwe, lakini alikuwa amechoka kufanya kama hajui nani ni shemeji ya nani. Wakapiga kura. Mwalimu akapita, na shemeji wa mwenyekiti, kwa sababu ambazo sijawahi kuzielewa, ndiye aliyempa kura ya mwisho.

Hapo kukawa hakuna refa. Wakatazamana, wakatafuta mtu asiye na kiti, anayezijua kanuni na anayejua pia jinsi zinavyovunjwa. Nilipomwambia mke wangu kwamba mimi ndiye refa mpya, aliweka mwiko chini ili acheke vizuri.

Huu sasa ni msimu wangu wa pili na filimbi. Viti bado ni vya kudumu, isipokuwa cha Kalama, ambacho mwenyewe amesisitiza kiwe wazi kila mwisho wa msimu kwa yeyote atakayeweza kumshinda. Mwaka jana walijaribu watu tisa. Wengine wote wameketi juu ya viti vyao imara. Watu wakikaa kwenye benchi langu wakisubiri kunyolewa huniuliza ni ligi gani ilikuwa safi zaidi, ile ya kushuka au hii ya viti. Nimejaribu kujibu mara nyingi. Ile ya kwanza ilinifanya mwizi kwa hofu. Hii ya pili ilinifanya nisicheze kabisa, nikaliita hilo amani. Lakini bila hii nisingewahi kushambulia, na bila ile mwalimu asingewahi kutoka Kalama na kiondo. Mteja mmoja aliniambia hilo si jibu. Nikamwambia ageuze kichwa.

Jumamosi iliyopita stima ilipotea mwalimu akiongoza bao moja dhidi ya mwenyekiti. Kanuni yetu inasema stima ikipotea kabla ya dakika ya themanini, mechi inaanza upya, na ikipotea baadaye, matokeo yanabaki. Niliamua ilikuwa haijafika themanini. Wakaanza upya, mwalimu akafungwa. Jana alipita dukani akitoka kupanga madarasa shuleni, akaketi kwenye kiti cha kunyolea bila kuombwa, akanionyesha picha ambayo mtu alipiga kwa simu sekunde chache kabla ya giza. Pembeni ya skrini, wazi kabisa, ilisomeka themanini na moja.

"Uko sawa," nikamwambia. "Nilikosea."

"Na matokeo?"

"Nitawaambia wenye viti. Lakini mwenyekiti atasema uamuzi wa refa haurudi nyuma."

"Na wewe utasema nini?"

"Nitasema ni themanini na moja."

Akakubali chai. Akainywa yote bila haraka, akaniuliza habari za nyumbani, akanisifia pazia jipya. Akiwa mlangoni akageuka na kuniambia kwamba chekechea yao inafungua muhula Jumatatu, kuna nafasi, na kwamba mwalimu ni mvumilivu sana kwa watu wanaosumbuliwa na kuhesabu wakipita sabini.